Njumu kwa mguu mpana mbele na kisigino chembamba: nichukue ipi kwa viwanja vya hapa Kigoma?

Winga_Katubuka

Habari za jioni wakuu. Nataka ushauri wa wanaovijua viatu, zile za "chukua hii ni kali" nimeshazisoma za kutosha.

Niko Kigoma mjini, nacheza pembeni, mazoezi mara tatu kwa wiki kwenye uwanja wa udongo wenye changarawe. Nyasi zipo kwenye kona tu. Mguu wa kulia una urefu wa sm 26.3, wa kushoto 26.0. Upana pale vidole vinapoanzia ni sm 10.6, ila kisigino ni chembamba. Kidole cha pili kimepita kidole gumba kidogo.

Huwa nachukua 42. Sasa 42 moja inanibana kidole cha mwisho mpaka kinakufa ganzi, 42 nyingine kisigino kinapanda na kushuka. Halafu soli inabanduka puani kabla msimu haujafika katikati. Saizi gani, soli ya aina gani, na je, bora mtumba wa soko la Mwanga au mpya ya dukani?

---

Kalibu42

Mkuu, ahsante kwa kuja na vipimo, wengi huja na jina la mchezaji anayemshabikia.

Hiyo 42 ndiyo inayokuchanganya. Kila kampuni ina kalibu yake, yaani lile umbo la mguu wanalotengenezea kiatu juu yake. Fungua ulimi wa kiatu usome kibandiko: Nike ya 42 ni UK 7.5, Adidas ya 42 ni UK 8, na zote mbili ni za mguu wa sm 26.5 (Adidas huandika kwa milimita, 265). Puma ya 42 ni UK 8 pia, lakini ni ya sm 27. Kwa hiyo achana na 42, tafuta mstari wa sentimita. Namba ile ni urefu wa mguu unaokusudiwa kuingia humo, nafasi ya mbele kiwanda kimeshaiongeza chenyewe. Mguu wako mkubwa ni 26.3, basi anza na 26.5. Panda 27 endapo tu hicho kidole cha pili kinagusa pua.

Watu wenye mguu mpana hukosea hapa: wanaongeza saizi ili wapate upana. Nusu saizi inakupa upana kidogo tu, lakini inasogeza mbele mahali kiatu kinapokunjikia. Kiatu kinaanza kukunjika mbele ya mzizi wa vidole, unavutana nacho kila hatua, na kisigino kinabaki kinaelea. Hicho kisigino chako kinachopanda na kushuka huenda chanzo chake ni hicho; kidole kinachokufa ganzi ni cha kiatu chembamba.

Kabla hujaenda sokoni pima upya. Iwe jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa kutembea, na soksi zile zile za mpira. Karatasi ya A4 sakafuni, kisigino kiguse ukuta, simama uzito wote uwe kwenye mguu huo, mwenzako azungushe penseli akiwa ameisimamisha wima. Penseli ikilala inaingia chini ya mguu na kukupunguzia nusu sentimita bila wewe kujua. Kisha kata ule mchoro kwa mkasi na uende nao.

Sokoni, chomoa soli ya ndani uweke mchoro juu yake. Mbele kibaki kama mm 5 hadi 8. Pembeni, upande wa kidole cha mwisho, karatasi ikizidi mm 3 hivi bado ngozi laini inaweza kukubali. Ikizidi zaidi ya hapo rudisha kiatu. Njumu za daraja la chini mara nyingi soli ya ndani imegundishwa, hivyo sukuma karatasi ndani ya kiatu mpaka ikae sakafuni: kingo zikikunja kwenda juu, kiatu ni chembamba kwako, hata muuzaji akiapa kwamba "kitaachia".

---

MenoMafupi_Tabora

Kalibu42 kamaliza saizi, mimi niongelee soli, maana kwa udongo huo ndiyo inayoua viatu na magoti.

Herufi zilizo kwenye boksi au kwenye kibandiko zina maana. FG ni kwa nyasi za asili zenye udongo unaokubali jino kuzama. SG ina meno ya chuma ya kufungua, ni ya tope na nyasi ndefu. Kwa kiangazi chetu usiiguse. AG ina meno mengi mafupi, ilitengenezwa kwa nyasi bandia. TF ni ya vipele vya mpira chini nzima.

Jipime hivi: simama uwanjani na njumu, hamisha uzito kwenye mguu mmoja, kisha inua uangalie alama. Ukiona vishimo vya juu juu tu, meno hayajazama. Maana yake uzito wako wote umebebwa na vidoti vichache chini ya mzizi wa vidole, ndiyo hayo maumivu ya wayo baada ya dakika 60, na ndiyo sababu bamba, ile soli ngumu inayobeba meno, linapasuka kati ya jino na jino. Kwa uwanja unaouelezea, kuanzia Mei mpaka mvua zirudi, chukua TF. Huku kwetu Tabora ni kichanga juu, gumu chini, na TF bado inashika kuliko FG, kwa sababu FG inasimama juu ya ile sehemu ngumu wakati mchanga unateleza pembeni yake.

Ukikutana na HG usiiache. Ni soli ya meno mafupi, mapana, ya duara. Mizuno na Asics wanazitoa kwa ajili ya viwanja vya udongo kama vya shule za Japani. Hazionekani sana, na wauzaji wengi hawazijui, wanaziuza kama njumu ya kawaida.

Masika, ukipata uwanja wa nyasi, FG ni sawa. Ila chagua meno ya duara badala ya yale bapa kama kisu. La duara linakuruhusu kugeuka mguu ukiwa chini; bapa linang'ang'ania ardhi na goti ndilo linalozunguka.

---

Fundi_Soli

Kuhusu kubanduka puani: tatizo si gundi mbovu peke yake. Kwenye ardhi ngumu jino halizami, hivyo kila ukisukuma kukimbia bamba linajaribu kunyooka huku ngozi ya juu inakunjika. Pua inachanwa taratibu kama mtu anayefungua bahasha. Ongeza kuloweka kiatu kwenye ndoo ya sabuni ya unga na kukianika juu ya bati saa sita mchana: gundi inalainika kwa joto, inaachia, vumbi linaingia, na hapo hakuna kitu kitakachoshika tena mpaka usafishe.

Njumu mpya ya kuchezea changarawe ipige uzi kabla ya mechi ya kwanza, usingoje iachie. Mwambie fundi atumie uzi wa nailoni uliopakwa nta, aanzie puani na kurudi pande zote mbili mpaka katikati ya wayo. Kisigino mara nyingi hakihitaji. Hatua za uzi ziwe mm 5 au 6. Fundi mwenye haraka atashona karibu karibu akidhani anaimarisha, kumbe anatoboa mstari wa matundu, na bamba la plastiki litachanika palepale. Uzi upite ukingoni, mbali na mizizi ya meno, na ndani fundo lisibaki chini ya kidole.

Kikishabanduka: chokonoa vumbi lote, futa kwa kitambaa chenye spiriti, kwangua pande zote mbili kwa msasa mpaka mng'ao uishe. Paka gundi ya viatu nyembamba pande zote mbili, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka ukigusa haivutiki kwenye kidole, ndipo ubane. Watu hubana ikiwa bado mbichi, dawa inabaki imefungiwa ndani na haikauki. Zungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, acha saa 24, kisha piga uzi. Super glue hapana. Inakauka ngumu, haikubali kukunjwa, na mara ya pili fundi anashindwa hata kuikwangua.

TF karibu hazina shida hii kwa sababu mpira unakunjika pamoja na kiatu, na nyingi kiwanda chenyewe kimeshashona pua.

---

Winga_Katubuka

Shukrani sana wakuu. Nimeona nguvu ya TF. Sasa kwa mguu mpana, ngozi halisi au sintetiki? Na hilo la mtumba?

---

Kalibu42

Ngozi. Inapanuka kwa upana na kufuata ule mfupa wa pembeni, sintetiki inabaki ilivyo. Familia za Nike Tiempo na Puma King (zile za ngozi, za kabla ya 2023) na Mizuno Morelia huupa mguu mpana nafasi; Nike Mercurial kwa 10.6 utalia. New Balance wana baadhi ya njumu zenye upana wa 2E (mpana kuliko kawaida), herufi hizo hukaa kwenye kibandiko karibu na saizi. Ukitaka ngozi na vipele pamoja, Adidas wana Mundial Team, ndugu yake Copa Mundial ile ya mwaka 1979, iliyokuwa ya ngozi ya kangaruu.

---

Fundi_Soli

Hapo napinga kidogo, Kalibu. Ngozi laini ya kangaruu kwenye changarawe pua inakwanguka haraka kuliko unavyodhani, na mchezaji wa pembeni anaburuta kidole kila anapokata krosi. Ikibidi ngozi, fundi ashone kiraka chembamba cha ngozi ya ng'ombe puani mapema. Au tafuta zile zenye ngozi katikati na sintetiki mbele. Kisha isilowe na kukaushwa motoni, itakuwa ngumu na kupasuka kwenye mkunjo; jaza gazeti, weka kivulini, badilisha gazeti likilowa.

Mtumba au mpya: kwa bei ileile, mtumba halisi huishinda mpya ya kopi. Kopi nyingi zina pua ya kadibodi ndani na bamba linalokunjika katikati ya wayo. Shika kisigino na pua, kunja: kiatu kizuri kinakunjika pale vidole vinapoanzia, katikati kinakataa. Linganisha vibandiko vya kulia na kushoto, namba ya muundo lazima ifanane. Nike huwa ni herufi na tarakimu, jumla sita, kistari, kisha tarakimu tatu.

Kwenye mtumba tumia dakika tano hizi. Viweke mezani utazame kwa nyuma. Kikilala upande mmoja, mwenye nacho alikuwa na mwendo wake na wewe utaurithi. Bana kisigino kwa vidole viwili, kikibonyea kama soksi achana nacho, hasa wewe mwenye kisigino chembamba. Ingiza kidole ndani nyuma: kitambaa kikiwa kimetoboka mpaka plastiki, malengelenge hayatakwisha. Pitisha kucha kwenye muungano wa soli. Tazama mzizi wa kila jino kama kuna ufa mweupe. Na soli za poliyurethani huoza kwa unyevu hata kiatu kikiwa hakijavaliwa, kwa hiyo njumu ya zamani inayong'aa ibonyeze kwa kucha. Ikimeguka au kunata, rudisha mezani.

---

MenoMafupi_Tabora

Kisigino: tumia tundu la juu kabisa. Pitisha kamba upande uleule kutengeneza kitanzi, fanya hivyo pande zote mbili, vuka kamba kila moja iingie kitanzi cha mwenzake, vuta kwa nyuma kisha funga. Simama kwa vidole. Kisigino kikipanda zaidi ya nusu sentimita bado, kiatu si chako. Na acheni kuzungushia kamba chini ya soli. Inakandamiza upinde wa wayo na changarawe inaikata kabla ya mapumziko.

---

Mama_Junia

Samahani kaka zangu, naongezea swali. Kijana wangu ana miaka 11, baba yake anataka amchukulie njumu iliyozidi saizi mbili ili akue nayo. Pia analalamika kisigino kinamuuma akimaliza mazoezi.

---

Kalibu42

Dada, saizi mbili hapana. Mtoto aachiwe nafasi ya sm 1 mbele, isizidi 1.2, ikizidi atakwaa, na vidole vitajikunja kushikilia kiatu. Mpime kila baada ya miezi mitatu kwa ule mchoro wa karatasi. Hapo mtumba una faida, kwa sababu wenzake nao waliviacha vikiwa bado vizima.

Kisigino kuuma kati ya miaka 8 na 14 kwa watoto wanaocheza mpira mara nyingi ni pale mfupa wa kisigino unapokua huku msuli wa nyuma ukiuvuta, na njumu za meno kwenye ardhi ngumu huzidisha. Mbadilishie TF au raba yenye kisigino kilichoinuka kidogo, apunguze siku za mazoezi. Akianza kuchechemea au maumivu yakibaki hata akiwa amepumzika, mpeleke hospitali akaangaliwe.

---

Winga_Katubuka

Jumamosi naingia Mwanga na mkasi wangu na karatasi. TF, 26.5, nikikosa nitapiga picha za vibandiko niziweke hapa mnichambulie kabla sijalipa.