"Furahini sikuzote" huku unauguza: inafanyikaje bila kuigiza?

Mwulizaji
Bwana asifiwe wapendwa. Naomba majibu ya kufanyia kazi, mahubiri tumeyasikia. Mkristo anauguza mtu nyumbani mwezi wa ngapi sijui, usiku hakulaliki, akiba inakwisha, na kila mgeni anamwambia "changamka, Biblia imesema furahini." Uchangamfu huo unapatikanaje hasa? Na mtu atajuaje kwamba sasa anaigiza tu?

MzeeWaKanisa
Amina ndugu. Anza na barua yenyewe. Paulo aliandika "furahini" hiyo, Wafilipi 4:4, akiwa kifungoni, na katika barua hiyohiyo, 2:27, anakiri kwamba kama Epafrodito, mwenzake aliyeugua, angekufa, yeye angepata "huzuni juu ya huzuni". Kwa hiyo furaha anayoiagiza haiifukuzi huzuni, zinakaa nyumba moja. Tena 4:11 anasema *amejifunza* kuwa radhi. Jambo la kujifunza lina mazoezi, na lina siku za kufeli.

Zoezi ninalolipendekeza ni Zaburi 13, ambayo ina aya 6 tu. Aya ya 1 na 2 zina "hata lini" nne, ya 3 na 4 ni ombi, ya 5 na 6 ni tumaini. Gawa karatasi sehemu tatu, tenga dakika 10, andika zako. Andika kitu chenyewe: "hata lini ataamka saa nane usiku akilia mgongo?" Ukiandika "hata lini mateso haya?" hujasema kitu.

Wengi hukosea hapa: wanarukia aya ya 5 kwa sababu inasikika ya kiroho zaidi. Lalamiko lililorukwa halipotei, litakutokea jikoni ukimfokea mtoto kwa sababu ya kijiko. Na siku usipofika kwenye tumaini, acha karatasi hapo ilipo. Zaburi 88 inaishia gizani na imo kwenye Biblia.

DadaMuuguzi
Mzee umesema vema, ila mimi ningeanza na mwili. Someni 1 Wafalme 19. Eliya anaomba afe. Malaika hakumhubiria: alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akala, akalala tena, akaamshwa mara ya pili akala. Mazungumzo na Mungu mlimani Horebu yakaja baadaye. Mtu anayelala vipande vipande ukimwongezea mkesha wa maombi, unamwongezea ukali tu, kisha anajilaumu kwamba imani yake imepungua.

Dada au kaka, tafuta mtu akushikie usiku mmoja kwa wiki, na uombe kwa saa. "Mkipata nafasi mnisaidie" hujibiwa "tunakuombea", na hapo hakuna aliyekataa wala aliyekuja. Sema hivi: "Jumamosi saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana naomba ukae naye. Dawa ya saa 6 iko mezani, kiasi nimekiandika." Wafilipi wenyewe walimtumia Paulo msaada, naye akawaambia walifanya vema kuishiriki dhiki yake (4:14).

Jambo moja si la kuombea tu: majonzi ya karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, chakula hakipiti, kinachokupendeza hakipo. Nenda kwa daktari. Mawazo ya kujidhuru yakija, siku hiyohiyo, na usibaki peke yako.

Msomaji_wa_Neno
Kwenye shukrani ndipo watu huumizana. "Shukuruni kwa kila jambo" (1 Wathesalonike 5:18) husomwa kana kwamba ni lazima uushukuru ugonjwa. Kigiriki chake ni *en panti*, yaani katika kila hali. Najua mtanirejesha Waefeso 5:20, "kwa mambo yote". Sawa, lakini Yesu kaburini kwa Lazaro hakutoa shukrani kwa kifo. Alilia, kisha akamshukuru Baba kwa kumsikia.

Kwa vitendo: mambo matatu kila jioni, ya leo, yanayoonekana. "Asante kwa baraka zote" haishiki popote. "Leo amemeza uji nusu kikombe bila kutapika" inashika.

Mwulizaji
Asanteni sana. Na wageni je? "Habari za mgonjwa?" "Nzuri." Hapo ndipo uigizaji unapoanzia.

DadaMuuguzi
"Nzuri" ni salamu, haihesabiwi uongo. Iongezee tu mkia: "Nzuri, ila usiku hatulali." Anayeuliza zaidi mweleze, anayebadilisha mazungumzo mwache aende. Uigizaji ni pale ambapo hata mtu mmoja hajui hali yako. Chagua wawili wa kuwaambia yote. Na akija mtu na pambio wakati mgonjwa ameumwa usiku kucha, msomee Mithali 25:20, ile ya siki juu ya magadi, ndivyo alivyo anayemwimbia nyimbo mwenye huzuni.

MzeeWaKanisa
Hahaha, dada! Msomee taratibu lakini. Na akiisha kusikia, mpe ndoo akateke maji.