Sebule imejaa nguo za watu: nitupe nini wakati vingi si vyangu?

FundiWaTandika

Habari za jioni wana jukwaa. Mimi ni fundi cherehani, nafanyia kazi nyumbani, chumba na sebule hapa Tandika. Hiyo sebule ndiyo ofisi, ndiyo stoo, na usiku ndiko anakolala mdogo wangu. Jumapili iliyopita alikanyaga pini saa nane usiku akienda chooni. Alivyopiga ukunga, hata mama mwenye nyumba alitoka na tochi. Nikasema basi, napanga.

Kila ninayemuomba ushauri ananiambia tupa usichotumia. Sawa, nikaanza kuhesabu. Nguo zilizokwisha kushonwa na wenyewe hawajaja kuchukua: 43. Kati ya hizo 11 zimelipiwa zote, 26 wameacha kianzio (wengine elfu tano tu, na nguo ya elfu thelathini), na 6 sijui hata ni za nani, karatasi ya jina imedondoka. Ipo suti ya kitenge ya kijani, nimeitia bitana nzuri, niliikeshea usiku mbili ili iwahi sendofu. Sendofu ilipita, harusi ikapita, na bibi harusi sasa hivi ana mtoto anayetembea. Suti ipo kwenye kamba, inanitazama.

Hapo sijataja viroba vitatu vya vipande chini ya meza. Juu ya kabati kuna subwoofer mbovu ya shemeji, "nitaifuata mwezi ujao" ya tangu mwaka juzi. Nyuma ya mlango kuna mfuko uliojaa mifuko ya rambo, na rambo zimepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, sijui nawatunzia nani. Na boksi la viatu limejaa risiti za EFD (zile mashine za kodi) za vitambaa vya Kariakoo, nusu yake zimeshakuwa nyeupe kama karatasi ya choo.

Sasa niambieni, mtu anapunguzaje vitu wakati vingi ni amana za watu? Naanzia wapi bila kugombana na wateja?

Kijana_Mbagala

Dada, subwoofer usiiguse. Ukiitupa leo, kesho shemeji anakuja kuidai, na atakwambia ilikuwa inapiga vizuri tu.

BiMkubwa_Mombasa

Mwanangu, nimeshona madera na mabuibui hapa Mombasa zaidi ya miaka 30, hilo lako nalijua. Nguo haikai kwa fundi kwa sababu mteja kasahau. Inakaa kwa sababu hana ile pesa iliyobaki na anaona haya kukwambia. Basi ukimpigia usimwambie "njoo uchukue mzigo wako". Mwambie "lete ulicho nacho, tutapanga". Utaona wanavyokuja.

Jina usiandike karatasi ukabana na pini. Karatasi hudondoka, na pini ikipata unyevu wa masika huota kutu, ikitoka imeacha doa kifuani mwa nguo ya watu. Mimi hukata kipande cha bitana nyeupe upana wa vidole viwili, naandika kwa biro jina, simu na tarehe ya kwisha, nakipiga mishono mitatu kwa mkono ndani ya pindo. Akija kuchukua nakifumua mbele yake.

Na kuanzia leo, kabla mkasi haujagusa kitambaa, nusu ya pesa iwe mezani, na umwambie kabisa nguo ikipita miezi mitatu utaiuza. Hizo za zamani usiziuze, hukuwaambia. Tafuta wenyewe kwanza.

MhasibuMchovu

Kuhusu risiti. Zile hazina wino, karatasi yenyewe ndiyo huwa nyeusi ikipashwa moto na mashine. Kwa hiyo joto, jua na mafuta ya mikono vyote vinazimaliza, na ukiziweka kwenye mfuko wa plastiki unazimaliza haraka zaidi. Piga picha siku hiyohiyo au toa kopi, halafu bahasha 12, moja kwa kila mwezi. Sheria ya usimamizi wa kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zikae miaka 5, kwa hiyo hata zilizofifia usizichome kwanza. Zipige picha kwenye mwanga mkali, baadhi bado zinasomeka.

Sikufundishi usafi lakini. Wiki jana nimefungua droo yangu ya kazini nikakuta chaja 7, na inayoingia kwenye simu yangu ni moja. Funguo 4 hakuna ofisi nzima anayejua zinafungua nini, na nimezirudisha mlemle. Naogopa.

MamaWawili

Mimi naona unapokea kazi nyingi kuliko nafasi yako. Na usije ukadanganyika kununua rafu. Nilinunua, ikajaa ndani ya wiki mbili, sasa nina fujo ile ile ila imepanda juu.

FundiWaTandika

@MamaWawili la rafu nakubali. La kupunguza kazi hapana, mama. Kazi za Desemba ndizo zinalipa kodi ya nyumba Januari, na sare za shule zinaingia hapohapo.

FundiWaTandika (wiki tatu baadaye)

Narudisha majibu. Bi Mkubwa, shikamoo tena. Maneno yako ya "lete ulicho nacho" yametoa nguo 19. Wateja 3 wamehamia mikoani, nimewatumia kwa basi, nauli juu yao. Wengine 4 wamesema wenyewe uza tu fundi. Zimebaki 17, na kwenye vile viporo vya hela nimekusanya 186,000. Vipande nimevichagua mafungu mawili tu: kinachozidi urefu wa mkono wangu nashonea mifuko ya sokoni, vingine kachukua jirani anajazia mito. Rambo nilipozishika zilikuwa zinakatikakatika zenyewe mkononi. Risiti nimepiga picha mpaka simu ikajaa, nalo hilo ni fujo jingine.

Mdogo wangu sasa ananyoosha miguu akilala.

Bibi harusi naye alikuja juzi, kambeba mtoto. Kalipa yote bila maneno. Akaijaribu ile suti ya kijani, zipu ikagoma katikati ya mgongo. Tukacheka wote wawili. Kaniomba nimuongezee pembeni, akasema ataifuata mwisho wa mwezi.

Nimeirudisha kwenye kamba. Tarehe nimeishonea ndani ya pindo.