Mjadala: Je, sonografa alazimishwe kuwa mwanachama ndipo leseni yake ihuishwe?

Mleta mada

Habari zenu wanataaluma. Naleta hoja inayotugawa kila msimu wa kuhuisha leseni unapofika. Je, mtu anayepima wagonjwa kwa ultrasaundi alazimishwe kujiunga na chama cha taaluma yake na kukusanya pointi za masomo endelevu, au aachwe huru, apimwe kwa kazi ya mikono yake tu?

Naanza na msimamo wangu ili msiutafute. Hapa kuna maswali mawili na sisi tumezoea kuyajibu kama moja. Masomo endelevu yawe lazima. Uanachama uwe hiari. Na kilichonifikisha hapo ni moyo wa mtoto aliye tumboni.

Nilipokuwa chuoni tulifundishwa kuukagua moyo kwa picha moja, ya vyumba vinne. Ukiviona vyote, vimelingana, kuta zimekaa mahali pake, moyo umeelekea kushoto, unahifadhi picha, unaandika "kawaida", mama anafuta jeli anashuka kitandani. Nilifanya hivyo miaka mingi kwa moyo mweupe. Siku moja kwenye mafunzo ya siku mbili mwezeshaji akatuwekea video ya vyumba vinne vilivyokaa vizuri kabisa, akauliza huyu mtoto ana tatizo gani. Ukumbi kimya. Akaiacha video iendelee. Proba, kile kifaa cha kupimia tunachokishika mkononi, ikainama kidogo kuelekea upande wa kichwa cha mtoto, na mishipa mikubwa miwili ikatokea ikienda sambamba, wakati ilipaswa kupishana. Aota, mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini, ilikuwa inatoka chumba cha kulia, na mshipa wa mapafu ulikuwa unatoka chumba cha kushoto. Mtoto wa namna hiyo anakua tumboni bila shida, kwa sababu bado anategemea kondo la nyuma. Shida inaanza akishazaliwa, na hapo kila saa ina thamani.

Mwongozo wa ISUOG, chama cha kimataifa cha ultrasaundi ya uzazi, uliotoka 2013 ndio ulioiweka mishipa inayotoka moyoni kwenye ukaguzi wa kawaida wa kila mimba. Ule wa 2006 ulisema ikaguliwe pale inapowezekana. Mimi nilikuwa bado na vyumba vyangu vinne. Hakuna aliyenikaripia, maana hakuna aliyejua, na mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kutojua. Ndiyo maana sikubali tuseme kila mtu aachiwe uamuzi wa kujisomea au kutojisomea. Usichokijua hakikuumi kichwa, hivyo huendi kukitafuta.

Sonografa anayefanya kazi peke yake kituoni

Mkuu, mfano wako umenigusa sana, nasema kweli. Lakini swali langu ni hili: ulijifunza kwa sababu ya pointi, au kwa sababu mwezeshaji alikuwa mzuri?

Nimehudhuria mafunzo ya pointi mara nyingi. Unaketi, unasaini asubuhi, unasaini jioni, unapewa cheti. Aliyesinzia na aliyeandika kila neno wanatoka na pointi zilezile. Marekani, ARDMS, chombo kinachosajili sonografa, inataka saa 30 za masomo kila miaka mitatu. Australia, sonografa aliyesajiliwa na ASAR, chombo chao cha usajili, anatakiwa kufikisha pointi 40 katika miaka mitatu. Sawa, namba zinahesabika. Haziniambii kama mkono wa mtu umebadilika akirudi kwenye mashine.

Halafu kuna jambo ambalo wenye vituo vikubwa hawalioni. Nikiondoka siku mbili, mashine inafunikwa. Mama mwenye damu inayotoka miezi ya mwanzo ya mimba anaambiwa arudi wiki ijayo. Hiyo gharama haimo kwenye fomu ya kuhuisha leseni. Ukijumlisha ada ya chama, ada ya mafunzo na nauli, unamwadhibu yule yule aliye mbali na msaada.

Msimamizi wa idara ya picha

Naomba kuwatetea wenye vyama, kwa sababu naona wote mnakizungumzia chama kana kwamba ni duka la pointi.

Niulizeni habari za bega. Nina sonografa hapa, dada mwenye jicho kali kuliko sote, ambaye sasa hawezi kuinua mkono wa kulia kufikia rafu. Alipima kwa miaka mingi kitanda kikiwa juu mno, kiwiko kimetanuka mbali na ubavu, waya wa proba umening'inia unavuta kifundo, na kichwa kimegeukia skrini iliyowekwa pembeni kwa sababu chumba ni kidogo. Kila siku alidhani ni uchovu. Utafiti wa sonografa uliochapishwa 2009 ulikuta asilimia 90 wanapima wakiwa na maumivu yanayotokana na kazi. Hapo si mwili wa mtu mmoja dhaifu tena. Ni namna kazi yenyewe ilivyopangwa.

Mtu mmoja akimwendea mwajiri na kusema bega linauma, anaambiwa apumzike wikiendi. Chama cha SDMS, kilichoanzishwa Marekani 1970, kiliwakusanya waajiri, watengenezaji wa mashine na wapimaji wenyewe, ukatoka mwongozo wa viwango vya kuzuia majeraha haya 2003, ukahuishwa 2017. Kitanda kiweze kupanda na kushuka. Mkono usitanuke zaidi ya nyuzi 30 kutoka ubavuni. Ratiba iwe na mapumziko. Ukiwa na karatasi kama hiyo mkononi, mazungumzo na mwajiri yanakuwa mengine kabisa. Wala haikuandikwa na mtu aliyesema "mimi nafanya kazi yangu tu, vyama havinihusu". Ada yangu ya uanachama nailipa kwa ajili ya hilo, hata mwaka ambao sihudhurii semina hata moja.

Mhitimu mpya

Shikamooni. Mimi nina mwaka mmoja kazini. Msimamizi, nimekusoma, lakini nikilazimishwa kulipa ada kabla sijaona manufaa, nitakiona chama kama kodi. Nikiingia kwa hiari nitakidai kinifanyie kazi.

Halafu mbona mifano ya nje inaonyesha mambo haya yanatenganishika? SDMS ni chama. ARDMS, iliyoanza 1975, ni chombo cha kutahini na kusajili. Unaweza kuwa umesajiliwa ARDMS na saa zako zimetimia bila kuwa mwanachama wa SDMS. Na upande mwingine, Uingereza jina "sonografa" halijalindwa kisheria hadi leo, ingawa wengi wanaopima wamesajiliwa kwa taaluma nyingine kama uradiografia. Mimi hilo ndilo linalonitisha kuliko ada. Kabla ya kubishana nani awe mwanachama, tujue kwanza nani anaruhusiwa kushika proba.

Daktari wa radiolojia

Nachangia kwa kifupi kwa sababu mimi ndiye ninayesoma picha zenu. Tangu TI-RADS, mfumo wa pointi wa ACR, chama cha wanaradiolojia wa Marekani, ulipotoka 2017, uvimbe wa tezi ya thairoidi naupa pointi kwa umbo, kingo, mng'ao na vilivyomo ndani yake. Uvimbe uliorefuka kwenda chini kuliko ulivyotanuka, ukipimwa kwenye picha ya kukata kwa upana, unapata pointi tatu kwa hilo pekee. Nikiletewa vipimo viwili vya picha ya urefu tu, siwezi kuziweka hizo pointi. Mgonjwa anaitwa tena, au mbaya zaidi haitwi. Msinisikie kama mtu wa kulaumu. Mara nyingi aliyepima hakuwahi kuambiwa.

Mleta mada

Nimewasoma wote. Mhitimu, marahaba, na hoja yako ya jina kulindwa naipokea nzima. Ningeianza nayo kama ningekuwa na akili hiyo juzi.

Msimamizi, sipingi kazi ya chama. Na mimi ni mwanachama. Ninachopinga ni leseni ya mtu kufungwa kwa risiti ya chama. Chama chenye kutetea mabega kitapata watu bila kuwaburuta.

Wewe uliye peke yako, kwenye pointi umenishika. Nakubali kwamba kuketi ukumbini si kujifunza. Basi tuzibadilishe. Nusu ya pointi zitokane na picha za mtu mwenyewe: unachagua vipimo kumi, unavipeleka kwa mwenzako mwenye uzoefu, anaandika anachokiona na anachokikosa, na wewe unajibu. Hapo hufungi kituo, hulipi nauli, na tunapima mkono wenyewe. Chama kikitaka kunipa faida moja tu kwa ada yangu, kiniunganishe na jicho la pili.

Sonografa anayefanya kazi peke yake kituoni

Hilo la picha kumi nalikubali, mradi jina la mgonjwa lililoandikwa kona ya picha lifutwe kabla halijatoka kituoni. Na huyo mwenye jicho la pili alipwe muda wake, la sivyo mwezi wa tatu atakuwa hajibu tena. Kwenye ada ya lazima bado nasema hapana.

Lakini kesho nina wajawazito saba kwenye orodha, na tangu niliposoma ile habari ya aota sijatulia. Nikishavipata vyumba vinne, naielekezaje proba?

Mleta mada

Usiinyanyue. Baki pale pale kwenye vyumba vinne, kisha uinamishe taratibu sana kuelekea kichwa cha mtoto, kama unafunua kurasa. Kwanza utaona aota ikitoka chumba cha kushoto. Endelea kidogo, mshipa wa mapafu utatoka chumba cha kulia na kukatiza mbele yake. Usipoona kupishana, rudi kwenye vyumba vinne uanze upya, mara tatu kama itabidi. Na ukiiona inakwenda sambamba, mpeleke mama kwa mtaalamu wa moyo wa mtoto wiki hiyo hiyo. Hifadhi video, usitosheke na picha ya kuganda. Ukimaliza hao saba nitumie video moja, nitaipitia jioni.