Semina ya programu ya laki nne kwa siku tatu: programa anapata nini?

Seva_ya_Msasani (mleta mada)
Wakuu, semina za kulipia zimejaa Dar. Tuchukue ya laki nne, siku tatu, chai na cheti ndani. Kwa mtu anayejua tayari kuandika msimbo, naona ni fedha ya kutupa. CS50, somo la utangulizi wa kompyuta la Harvard, linasomwa bure, na MIT waliweka masomo yao wazi mtandaoni tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwenye semina siku ya kwanza inaliwa na kusakinisha: watu ishirini wanapakua Docker (programu ya kufungasha na kuendesha programu nyingine) kwa mkupuo kwenye waifai moja, saa sita mchana nusu yao bado wanasubiri. Mratibu makini angegawa mafaili kwa flashi siku moja kabla. Halafu wengine bado wanafundisha PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, nayo imekwisha kufa.

Binti_Buguruni
Hapo kwenye PHP umepotosha, mkuu. WordPress yote, ile programu ya kutengenezea tovuti, inaendeshwa kwa PHP, na PHP 8 imetoka Novemba 2020. Maiti haitoi matoleo mapya. Kilichokufa ni mysql_query, amri ya zamani ya kuuliza kanzidata; iliondolewa kwenye PHP 7 mwaka 2015.

Mkaguzi_Kijitonyama
Dada, umemtetea marehemu asiyeshtakiwa. Tatizo ni kwamba kuna wakufunzi wanaofundisha hiyo hiyo iliyoondolewa. Ukiona mkufunzi anaunganisha alichoandika mtumiaji moja kwa moja ndani ya SQL (lugha ya kuuliza kanzidata), na nywila anazihifadhi kwa MD5, njia ya zamani na dhaifu ya kuzificha, dai fedha yako kabla ya chai ya saa nne.

Seva_ya_Msasani
MD5 inajulikana na kila mtu kwamba haifai. Hilo halihitaji laki nne.

Mkaguzi_Kijitonyama
Kujua haifai na kujua kuihama ni vitu viwili, mkuu. MD5 ina herufi 32, password_hash ya PHP, kwa njia imara zaidi ya bcrypt, inatoa 60. Ukiacha safu (column) ya kanzidata kwenye 32 na MySQL, programu ya kanzidata, haiko kwenye hali kali ya kukataa data iliyozidi, inakata zilizobaki kimyakimya. Mtu anajisajili vizuri, akirudi kuingia anakataliwa, na wewe unatafuta kosa kwenye fomu. Panua safu iwe VARCHAR(255), yaani nafasi ya hadi herufi 255, kwanza. Nywila za zamani huwezi kuzirudisha kwenye maandishi yake ya awali, kwa hiyo unazibadilisha mmoja mmoja, mwenyewe anapoingia kwa usahihi.

Binti_Buguruni
Na hayo yote umeyaeleza kwa PHP. Asante.

Malipo_Temeke
Mnagombea lugha wakati semina yenye thamani ipo: ya kuunganisha malipo ya simu. Taarifa ya malipo inaweza kufika kwenye seva yako mara mbili, kwa sababu ulichelewa kujibu 200 (namba ya kusema "nimepokea") na mtumaji akairudia. Usipojikinga, mteja aliyelipa 10,000 anawekewa 20,000. Hilo ukifundishwa kwa vitendo siku moja, laki nne imerudi.

Seva_ya_Msasani
Unaangalia kwanza kama namba ya muamala ipo, kama haipo unaingiza. Mistari miwili. Ndiyo laki nne hiyo?

Malipo_Temeke
Na ndiyo maana semina inahitajika! Taarifa mbili zikiingia kwa pamoja, zote zinaangalia, zote hazikuti kitu, zote zinaingiza. Namba ya muamala iwekee UNIQUE, sharti la kutojirudia, kwenye kanzidata yenyewe. Kuingiza muamala na kuongeza salio viwe ndani ya tendo moja la kanzidata: cha pili kikigoma, cha kwanza nacho kifutike. Kazi nzito kama kutuma SMS ipeleke kwenye foleni, ujibu haraka.

Mkaguzi_Kijitonyama
Ongeza na ile taarifa isiyofika kabisa. Lazima seva yako iende yenyewe kuuliza hali ya miamala iliyoning'inia, kila baada ya dakika chache.

Seva_ya_Msasani
Sawa, UNIQUE nakubali. Lakini haya mmeyaandika hapa bure, kwa bando la kila mtu. Hamjanionyesha semina hata moja inayoyafundisha.

Binti_Buguruni
Mwombe mratibu ratiba ya kila saa na msimbo wa mazoezi kabla hujalipa. Akikupa jina la hoteli na picha ya cheti tu, usilipe. Na ile kauli ya PHP kufa bado hujaifuta, mkuu.

Seva_ya_Msasani
Siifuti.