UKOO WA BARABARA YA 12, NGAMIANI

Zuhura 07:12
Assalaam alaykum. Baba katoka tena tangu alfajiri, peke yake, simu kaiacha mezani. Kesho tunaanza zamu ya kumsindikiza. Jumatatu Salim, Jumanne Mwajuma. Nani Jumatano?

Zuhura 07:58
Tiki za bluu naziona. Mbona kimya?

Salim 09:20
Waalaykum salaam dada. Yuko Raskazone, nimempita na bodaboda. Kakaa chini ya mwarobaini anatazama kisiwa cha Toten, kofia kaiweka gotini.

Zuhura 09:21
Na hukusimama?

Salim 09:24
Nilipunguza mwendo. Akaninyooshea fimbo, niende zangu.

Hamisi 09:31
Mzee kafuata vitumbua vya moto huyo 😂

Mwajuma 09:33
Na supu ya pweza 😂😂

Zuhura 09:34
Jamani! Ana miaka 78. Juzi kateleza mtaroni, goti limevimba mpaka leo.

Ba'mdogo Rajabu 11:46
Lile shauri la minazi ya Pongwe lingekwisha, kaka asingezurura na mawazo.

Zuhura 11:47
Ba'mdogo, leo tuliache hilo.

Ba'mdogo Rajabu 11:49
Kwani nilitia sahihi peke yangu?

Mwajuma 11:50
Ujumbe huu umefutwa

Baba 13:05
Wanangu, nimerudi salama. Tangu 1966 nilikuwa karani bandarini, nahesabu robota za mkonge, kilo 250 kila moja, zikipakiwa kwenye matishari kupelekwa melini. Makelele kutwa. Za watu nilizihesabu, zangu sikupata nafasi. Sasa ninayo. Nikifika pale nakaa na mama yenu, na wote niliowakosea. Rajabu, na wewe umo. Mkinipa mtu wa kunisindikiza nitaongea naye, na wale hawatakuja.

Salim 13:40
Shikamoo baba. Tumekusikia.

Ba'mdogo Rajabu 15:22
Kaka, kesho unatoka saa ngapi?

Zuhura 15:30
Sawa baba, ila simu utaibeba, naomba sana. Salim, ukipita na abiria umwangalie kwa mbali, usimsimamie. Jumatano bado haina mtu.

Hamisi 15:48
Jumatano nipo Muheza.

Ba'mdogo Rajabu 18:10
Kaka?

Mwanaisha 21:17
Ndiyo kwanza nawasha data. Zamu ya nini?