Modeli za kurva ya dozi LL.4, Brain-Cousens au Cedergreen: ipi kwa dozi ndogo za kiuamagugu glifosati?

Magugu_Moro: Wadau, habari za leo. Nina data za mahindi ya kwenye ndoo, yaliyopuliziwa glifosati kuanzia gramu 2 hadi 720 kwa hekta, kisha tukapima uzito mkavu. Gramu 5 hadi 20 mimea imeizidi kontroli (isiyopuliziwa). Nikitumia LL.4 (modeli ya kawaida ya kurva inayoshuka tu) kwenye drc, kifurushi cha programu ya takwimu R, kurva inapita chini ya huo mwinuko kana kwamba haupo. Je, nichukue modeli zinazoruhusu mwinuko, yaani BC.5 (Brain na Cousens, 1989) au CRS ya Cedergreen, Ritz na Streibig (2005)?

Takwimu_Bara: Anza na BC.5. Imeongeza parameta moja tu, f, inayobeba mwinuko. f ikiwa sifuri, unarudi LL.4 ileile, kwa hiyo unazilinganisha kwa jaribio la F bila taabu. Mpaka wa chini wa kadirio la f (confidence interval) ukishuka chini ya sifuri, usidai kuna uchocheaji (dozi ndogo kuukuza mmea). Na tafadhali, parameta e kwenye BC si ED50 (dozi inayoshusha mmea kwa nusu) tena! Iombe ED50 kwa funksheni ED().

MamaMaabara: Mimi BC siipi nafasi ya kwanza kila mara. Kama b (parameta ya ukali wa kushuka kwa kurva) imezidi 1, f ndiyo mteremko wa kurva pale kwenye dozi sifuri, maana yake mmea unalazimishwa kuongezeka tangu tone la kwanza. CRS ina exp(-1/x^α), x ikiwa dozi na α kipeo unachokichagua: inatulia kwanza, ndipo inapanda. Dozi zako za chini kabisa zikiwa sawa na kontroli, CRS itazifuata vizuri zaidi. Jaribu α ya 1, 0.5 na 0.25, uchukue yenye AIC (kipimo cha kulinganisha modeli) ndogo.

Takwimu_Bara: Hapo kwenye kuanza polepole nakubali, mama. Ila α ikishafungwa, CRS inategemea kizio cha dozi. Badilisha gramu ziwe kilo, data ni zilezile, lakini kurva inayopatikana ni nyingine. BC haina tatizo hilo, f inajirekebisha yenyewe. Anayetumia CRS aandike kizio chake waziwazi kwenye ripoti.

MamaMaabara: Kweli kabisa, na wengi hawakiandiki.

Shamba_na_R: Mnabishania modeli, mimi naulizia ndoo. Uchocheaji mara nyingi ni asilimia 20 hadi 30 tu. Kontroli zikiwa chache na zikadumaa kwa bahati mbaya, modeli zote mbili zitakuchorea mwinuko ambao haupo. Weka kontroli nyingi kuliko dozi nyingine yoyote. Pia mimea mikubwa hutawanyika zaidi kwa uzito, pitisha boxcox() (inayosawazisha mtawanyiko) kabla ya kuamini f.

Magugu_Moro: Nashukuru sana. Narudia jaribio, kontroli naziongeza mara tatu. Dozi za ziada niziweke chini ya gramu 2?

Shamba_na_R: Moja inatosha huko. Zilizobaki zibane kati ya 20 na 80, maana uzito unarudi usawa wa kontroli mahali fulani juu ya 20, na data zako za sasa hazisemi ni wapi.