Programu ipi inafaa kwa imeili, nyuzgrupu na fidi za habari kwenye laptopu ya RAM 4GB?

mfasiri_tanga

Habari za jioni wakuu. Naombeni mawazo yenu kuhusu programu ya imeili ya kwenye kompyuta. Mimi ni mfasiri, niko Tanga mjini, kazi zangu karibu zote zinaingilia kwenye imeili, wateja wengi wako Ujerumani na Uholanzi, wachache Dar. Akaunti ninazo tatu: Gmail, ya pili ya domeni yangu mwenyewe ambayo boksi lake ni dogo sana, likijaa barua zinarudi kwa waliotuma, na ya tatu nimepewa na wakala wa tafsiri. Mpaka sasa zote nafungulia kwenye brauza, tabu moja huku nyingine kule, na intaneti ikikata basi hata barua niliyoisoma asubuhi siwezi kuifungua tena.

Halafu napenda kufuatilia habari, BBC Swahili, DW, blogu za wenzangu wa lugha, na pia nataka nyuzgrupu mbili tatu, yale makundi ya mijadala ya maandishi kwenye mtandao wa zamani wa Usenet, hasa sci.lang.translation na comp.text.tex maana vitabu vya wateja navipanga kwa LaTeX, mfumo wa kupanga kurasa. Nimeona kuna programu zinafanya yote, na zingine ni za kitu kimoja tu. Laptopu ni ya RAM 4GB, Windows 10 ila niko tayari kuhamia Linux, intaneti ni bando la simu. Bora moja ya yote au kila kazi na yake? Na ipi? Ikiwa ya bure nitaipokea kwa mikono miwili.

fundi_kinondoni

Mkuu jibu langu ni Thunderbird, wala sifikirii mara mbili. Ni ya bure, kodi yake ya programu (code) iko wazi kwa yeyote kuiona, ipo tangu 2004, na ndani yake unapata imeili, fidi za RSS (tovuti inakuletea yenyewe orodha ya habari zake mpya) na nyuzgrupu, kila kimoja kinakaa kama akaunti yake upande wa kushoto, kwahiyo ukishaizoea kusoma imeili umeshazoea na hivyo vingine. Mwaka 2023 toleo la 115 walilipangua sura yote, wengine hawakuipenda ila kwa mtu anayeanza leo haina shida.

Kwa bando lako fanya hivi, ukishaweka akaunti ya IMAP (njia ambayo barua zinabaki kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma) nenda kwenye setingi za akaunti, sehemu ya usawazishaji na hifadhi, hapo unaweza kuiambia ihifadhi kwenye kompyuta barua za siku 30 za mwisho tu, na barua inayozidi ukubwa fulani isiishushe mpaka uifungue mwenyewe. Mteja akikutumia picha nzito za skana hazitakula bando lako kabla hujajua ni za nini. Na zile ulizokwisha kushusha unazisoma hata bila intaneti, ndicho ulichokuwa unalilia.

Ile akaunti ya domeni yenye boksi dogo usiiweke IMAP, iweke POP3. IMAP inaacha barua seva na wewe unakuwa na nakala tu, POP3 inazileta kwako halafu inazifuta kule baada ya muda unaoweka wewe, Thunderbird kwa kawaida inaacha siku 14. Boksi halitajaa tena. Ila hapo bakapu ni jukumu lako, folda nzima ya profaili, ile Thunderbird inamoweka barua na setingi zako, unainakili kwenye flashi au diski ya nje, ukipata kompyuta mpya unaibandika na kila kitu kinarudi kilivyokuwa.

Kingine kwa kazi yako, kuanzia toleo la 78 la mwaka 2020 usimbaji wa OpenPGP, yaani kufunga barua ili aisome mwenye ufunguo tu, umo humo humo, huhitaji kuongeza kitu. Wateja wa Ujerumani wapo wanaotaka mikataba yao itumwe imefungwa, ukiwaambia ufunguo wako huu hapa wanakuheshimu.

binti_mvita

Kaka mfasiri salamu kutoka Mombasa. Thunderbird nzuri siikatai, lakini kwa RAM 4GB na brauza ikiwa wazi na kamusi ziko wazi na programu ya tafsiri iko wazi, utaisikia tu. Imejengwa juu ya injini ile ile ya Firefox, kwahiyo ni kama una brauza ya pili inayokimbia kando.

Mimi natumia Claws Mail. Ni nyepesi mno, inafunguka papo hapo hata kwenye mashine kuukuu, ipo ya Linux na ya Windows. Inasoma nyuzgrupu, na fidi inasoma kupitia plagini (kiongezo) inaitwa RSSyl. Ninachokipenda zaidi ni namna inavyohifadhi, kila barua ni faili yake kwenye folda ya kawaida, unaweza kuitafuta, kuinakili, kuifungua hata kwa programu nyingine siku Claws ikifa. Thunderbird kwa kawaida inarundika barua zote za folda moja kwenye faili moja kubwa, na ukifuta barua faili halipungui mpaka ibanwe upya, hiyo kazi ya kubana ikikatwa katikati na umeme ni mashaka matupu. Kwa wewe unayekaa na kazi za watu za miaka, nadhani namna barua zinavyolala kwenye diski ina uzito kuliko rangi za vitufe.

Ubaya wake nakwambia mapema: haiandiki barua za HTML (zenye rangi, picha na majedwali ndani) kabisa, ni matini tupu. Kuzisoma inaweza ukiiwekea plagini. Na Gmail inasumbua kidogo kuiunganisha, nitaeleza ukitaka.

fundi_kinondoni

Dada binti_mvita la faili moja kubwa uko sahihi, ila pia kuna mpangilio wa maildir kwenye Thunderbird unaofanya kila barua iwe faili yake, unauchagua kabla hujaongeza akaunti. Sijaufanya wa kudumu kwa sababu wenyewe hawajaufanya kuwa chaguo la kwanza. Kwa umeme, laptopu ina betri bwana.

Lakini hili la HTML kwa mfasiri ni zito. Mteja anakuletea jedwali la istilahi ndani ya barua, safu mbili, Kijerumani huku Kiswahili kule, anataka ujaze humo humo urudishe. Kwenye matini tupu lile jedwali linavurugika lote.

mfasiri_tanga

Aisee hilo la jedwali linanigusa moja kwa moja, ndivyo wanavyofanya, hasa wakala. Asanteni nyote wawili, nazidi kuelewa. Swali jingine: kuna jamaa kaniambia nisihangaike, nichukue Outlook mpya inayokuja na Windows, ni ya bure na akaunti zote inashika. Mnasemaje? Na kuhusu nyuzgrupu hamjanigusia, mwanzo nilikuwa nazipitia kwenye brauza kwa Google Groups lakini sasa naona za zamani tu, jipya hakuna.

mzee_wa_seva

Mwanangu nianze na nyuzgrupu kwa sababu vijana hapo juu wameziruka. Google walifunga mlango huo tarehe 22 Februari 2024, tangu siku hiyo Google Groups haipokei wala kutuma chochote kipya cha Usenet, kilichobaki ni kumbukumbu ya kusaka ya zamani. Usenet yenyewe haijafa. Ilianza Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani 1979 kwa vijana wawili, Tom Truscott na Jim Ellis, na haijawahi kuwa mali ya kampuni moja, ni seva nyingi zinazopelekeana ujumbe, mmoja akitoka wengine wanaendelea.

Kwahiyo unahitaji vitu viwili, seva na programu. Seva ya bure ya matini iko ya Eternal September, unajiandikisha unapewa jina na nywila, anwani ni news.eternal-september.org, tumia poti (namba ya mlango wa seva) 563 yenye usimbaji badala ya 119. Programu ndiyo hiyo Thunderbird au Claws, zote mbili zinatosha kwa mtu wa grupu mbili tatu. Ukifungua grupu kwa mara ya kwanza Thunderbird itakuuliza ushushe vichwa vya ujumbe vingapi, usikubali vyote, chukua 500 vya mwisho. Kinachoshuka ni vichwa tu, ujumbe wenyewe unakuja ukiubonyeza, bando lako halitaumia. Mjadala ukiwa wa matusi au matangazo bonyeza herufi K, mjadala mzima unazimwa pamoja na majibu yatakayokuja baadaye.

Ukiwa msomaji mkubwa wa grupu nyingi, hapo ndipo programu maalumu zinashinda, Pan kwa mwenye kupenda dirisha, slrn kwa mwenye kupenda terminali, skrini ya amri za maandishi tu. Hizo zina mfumo wa kutoa alama, mwandishi unayemwamini unampa alama za juu ujumbe wake unaonekana kwanza, mchokozi unamshusha hadi asionekane. Hakuna programu ya imeili inayofanya hilo vizuri kama hizo. Na huko ukijibu andika matini tupu, nukuu kidogo tu ya unachokijibu kisha jibu lako chini yake, watu wa comp.text.tex ni waungwana na wanasaidia kweli lakini ukiwatumia HTML hawakusomi.

Sasa hiyo Outlook mpya. Ile Mail iliyokuwa inakuja na Windows 10, Microsoft walisitisha msaada wake tarehe 31 Desemba 2024 wakawaelekeza watu kwenye hii. Kwa mtu wa kawaida inafaa. Kwa wewe mfasiri fikiria jambo moja: ukiiwekea akaunti ya IMAP ya nje, barua zako zinasawazishwa kupitia wingu la Microsoft, yaani programu haiongei na seva yako peke yake. Ukiwa umesaini mkataba wa usiri na mteja wa Ulaya, huyo mteja ana haki ya kukuuliza nyaraka zake zimepita wapi, nawe uwe na jibu. Na nyuzgrupu haisomi. Thunderbird na Claws zinaongea moja kwa moja na seva yako, hakuna wa katikati. Mimi hili ndilo ningelitazama kabla ya yote, barua za mteja zinakaa wapi na ni nani mwingine ana nakala.

msomaji_dom

Naomba nitie neno kwenye fidi. Hapa mimi siungani na moja ya yote. Habari mtu anazisoma sana kwenye simu, kwenye daladala, kwenye foleni benki, sasa ukiweka fidi zako ndani ya Thunderbird ya laptopu ulichosoma kule simu haijui, unakutana na habari zile zile mara mbili. Thunderbird ya Android ipo tangu Oktoba 2024, imetokana na K-9 Mail, lakini ni ya imeili tu, haina fidi wala nyuzgrupu.

Kwahiyo chagua, kama unasoma mezani tu basi Thunderbird inatosha. Kama unasoma kote, tumia huduma inayosawazisha, Feedly au Inoreader zina kiwango cha bure, au kama unaweza kuendesha seva yako mwenyewe weka FreshRSS. Simu peke yake bila kusawazisha, Feeder ni nzuri, kodi wazi, haidai akaunti.

Popote utakapoanzia hakikisha unaweza kutoa orodha yako kwa faili la OPML. Google Reader, huduma ya Google ya kusomea fidi, ilipofungwa tarehe 1 Julai 2013 waliokuwa na faili hilo walihama bila kupoteza kitu. Thunderbird inaingiza na kutoa OPML, Feedly na Inoreader pia. Na blogu nyingi hazionyeshi fidi ila zinayo, ikiwa ya WordPress ongeza /feed mwishoni mwa anwani, ikiwa ya Blogger ongeza /feeds/posts/default, utashangaa ni ngapi zinakubali.

mfasiri_tanga

Wakuu mmenifungua macho, Mzee shikamoo na ahsante sana, hilo la mkataba wa usiri nimesaini na wateja wote wa Ujerumani na sikuwahi kulihusisha na programu ya imeili. Nimeamua hivi: Thunderbird kwa imeili na nyuzgrupu kwa ajili ya yale majedwali na OpenPGP, fidi nazipeleka kwenye simu na Feeder maana kweli habari nasoma nikiwa njiani. Dada binti_mvita hoja yako ya faili nimeibeba, folda nitazigawa kwa mteja na mwaka lisiwepo faili moja kubwa, na diski ya nje kila Ijumaa.

Nimeanza na Gmail leo, nimeona inaleta folda inaitwa Barua Zote na kila kitu kinaonekana mara mbili, bando linakimbia. Hilo linatibiwaje?

binti_mvita

Uamuzi mzuri kaka, kwa kazi yako hata mimi ningekubali. Hiyo folda ni tabia ya Gmail yenyewe, wao hawana folda ila lebo, barua moja yenye lebo ya inboksi inahesabiwa pia kwenye Barua Zote, basi IMAP inaziona kama mbili. Ingia Gmail kwa brauza, fungua setingi, nenda kwenye lebo, ukute mstari wa Barua Zote utoe tiki ya kuonyesha kwenye IMAP. Kisha rudi Thunderbird uifunge uifungue upya, folda itatoweka na barua zako zitabaki salama kule Gmail.

Wakati wa kuunganisha acha ikufungulie dirisha la Google uingie humo, njia hiyo inaitwa OAuth2 na Thunderbird inaijua. Kuweka nywila ya kawaida moja kwa moja Google walikatiza kwa akaunti binafsi tangu mwisho wa Mei 2022. Ile ya domeni yako nywila ya kawaida inakubali, poti 995 kwa POP3, na 465 au 587 kwa kutuma, waulize waliokuuzia ni ipi kati ya hizo mbili.

mzee_wa_seva

Marahaba. Na kama utahamia Linux fanya kabla hujarundika barua, Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Profaili ya Thunderbird inahama na wewe, iwe Windows iwe Linux ni ile ile.